Walimu Hawakatai Mabadiliko, Wamechoka Nayo

Kufikia mwisho wa 2022, shule nyingi za sekondari nchini Kenya zilikuwa zimejengewa madarasa ya kupokea Gredi ya 7 ya kwanza ya sekondari ya msingi. Ghafla, Jopokazi la Rais kuhusu elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, likapendekeza wanafunzi hao wabaki katika shule za msingi. Januari 2023 wakaanza masomo huko, shule nyingi kati ya hizo zikiwa hazina hata maabara.

Hilo lilikuwa badiliko moja tu katika msururu mrefu. Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza kutekelezwa kote nchini 2019 kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliodumu tangu 1985. Machi 2020 Korona ikafunga shule, kisha mihula ikabanwa ili kufidia muda uliopotea. Mwaka 2023 ukafanyika kwa mara ya mwisho mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi. Mwaka uliofuata masomo ya sekondari ya msingi yakapunguzwa kutoka 14 hadi 9.

Mzigo wa mabadiliko kama hayo unaweza kupimwa. Mwaka 1967, wataalamu wa Marekani Thomas Holmes na Richard Rahe walichapisha kipimo cha matukio 43 yanayomlazimu mtu kuyapanga upya maisha yake. Ndoa ina alama 50, kubadilishiwa majukumu kazini 29, kubadilishiwa saa za kazi 20. Alama hujumlishwa, na kadiri zinavyopanda ndivyo hatari ya kuugua inavyoongezeka. Harusi imo, ingawa ni furaha! Mwili unadai gharama ya kuzoea hata jambo jema. Hapa ndipo wakuu wengi wanapokosea: kila ofisi hupima badiliko lake peke yake, ilhali mfanyakazi huyabeba yote kwa pamoja.

Kampuni ya utafiti ya Gartner iliona hali hiyo nje ya shule pia. Mwaka 2016 mfanyakazi wa kawaida alipitia mabadiliko makubwa mawili yaliyopangwa na mwajiri. 2022 yalifika kumi. Walio tayari kuyaunga mkono walishuka kutoka asilimia 74 hadi 43.

Uchovu huu huja kimyakimya. Mwalimu anaingia darasani, anajaza fomu za tathmini na kuhudhuria semina, lakini hapendekezi tena lolote, kwa kuwa analolijenga muhula huu huenda likabomolewa muhula ujao. Mkubwa anauona ukimya huo, anauita ukaidi, kisha anaitisha semina nyingine. Hiyo ni dawa ya mtu asiyejua kazi yake. Mwalimu huyu anaijua. Alichokosa ni muda wa kuizoea.

Kupunguza masomo kulikuwa uamuzi mzuri. Hata hivyo, nafuu hiyo nayo ilidai ratiba mpya na maandalizi mapya ya kazi. Kwa hiyo, kila waraka mpya ungepaswa kutaja fomu au kazi ya zamani inayofutwa, na kumfikia mwalimu angalau muhula mzima kabla ya kuanza kutumika.