Chumba cha hisi: Swichi ashike nani? (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mtu mwenye usonji anavyoweza kupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa ukali kuliko watu wengi, au kwa ufifi kiasi cha kuvitafuta mwenyewe. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaihesabu hali hiyo miongoni mwa dalili za usonji. Leo tuingie chumbani. Miaka ya 1970, katika kituo cha De Hartenberg huko Uholanzi, Jan Hulsegge na Ad Verheul walianza kutengeneza vyumba vyenye taa za rangi, muziki laini, harufu na vitu vya kupapasa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Vyumba hivyo, maarufu kwa jina la Snoezelen, vimeenea duniani, na biashara ya vifaa vya bei kali imevifuata nyuma. Matokeo yake ni kwamba anayetaka kumsaidia mtoto huanza kwa kuuliza anunue nini. Mimi nashikilia kwamba kifaa ni jambo la pili. La kwanza ni nani anayekiwasha na kukizima.

Katika utafiti uliochapishwa 2021, Katy Unwin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliwachunguza watoto 41 wenye usonji, wa miaka 4 hadi 12, ndani ya chumba cha aina hiyo. Kuna wakati mtoto aliachiwa abadilishe mwenyewe taa na sauti, na kuna wakati hakuachiwa. Alipoachiwa, umakini uliongezeka. Kurudiarudia vitendo na maneno yaleyale kukapungua, na hata kuhangaika huku na huku kukatulia. Chumba hakikubadilika, kilichobadilika ni mamlaka. Wala jambo hili si la wenye usonji peke yao. Wamarekani David Glass na Jerome Singer, katika kitabu chao cha 1972, walieleza majaribio ambamo watu walifanya kazi huku wakipigiwa kelele za ghafla. Baadhi walipewa kitufe cha kuzizima, wakaombwa wasikibonyeze ila wakishindwa kabisa. Wengi hawakukigusa. Hata hivyo, baadaye walivumilia mafumbo magumu kwa muda mrefu zaidi, na walisahihisha maandishi vizuri zaidi, kuliko wale wasio na kitufe.

Atakuja mtu na hoja kwamba dunia haina swichi: mtoto aliyezoeshwa ukimya atafanyaje siku akikutana na honi za daladala? Hoja hii ni nzito, na mtaalamu wa usanifu majengo Magda Mostafa wa Misri aliishughulikia mapema, katika makala yake ya 2008. Alipendekeza shule iwe na vyumba vyenye viwango tofauti vya kuzuia kelele, ili mwanafunzi apande hatua kwa hatua kuelekea mazingira ya kawaida. Mpango wake pia unajibu ugumu wa pili, kwamba mmoja hutafuta kelele ambayo mwenzake anaikimbia. Vyumba vya muziki na michezo hukaa upande mmoja, vya utulivu upande mwingine, na kati yake hubaki sehemu ya kupumulia kabla ya kuvuka. Hapo mtoto mwenyewe anaweza kuachiwa aamue avuke lini.

Ni kweli kwamba utafiti wa Cardiff ulifanyika katika chumba maalumu, si katika darasa lililofurika, na tabia nyingine za watoto hazikubadilika. Lakini wanaosema jambo hili ni anasa ya matajiri wanakosea hesabu. Angalia darasa letu la kawaida: bati lisilo na dari, hivyo mvua ikinyesha mwalimu hasikiki, sakafu ya saruji na kuta tupu zinazorudisha kila sauti, na taa za tyubu zenye choki ya zamani, ambazo kwa umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. Dari, mapazia mazito na mikeka hupunguza makelele hayo, na fundi anaweza kubadilisha choki ya zamani kwa ya kielektroniki. Tena, kwa mazoea, mafundi umeme hufunga taa zote za darasa kwenye swichi moja mlangoni, juu, kwa kimo cha mtu mzima. Kuzigawa kwa safu, na kuishusha swichi ya safu ya nyuma hadi mkono wa mtoto unapofika, ni nyongeza ya waya mita chache wakati jengo linajengwa. Baada ya plasta, ni kubomoa ukuta.

Juma lijalo: soko, stendi na hospitali, ambako hakuna mtu mmoja anayeweza kukabidhiwa swichi.