Mfuko wa Hewa katika Motokaa: Waokoa au Waua?

Simameni kidogo pale Mwanga mkazitazame motokaa zipitazo kwenda Ujiji na zile zipandazo kuelekea Kasulu. Nyingi ni motokaa ndogo zilizotengenezwa Japani, zikatumika huko miaka kadhaa, kisha zikavuka bahari mpaka bandari ya Dar es Salaam, na mwisho zikafika kwetu ziwani. Tena nyingi zina herufi tatu juu ya usukani: SRS. Maana yake ni kwamba ndani yake umekunjwa mfuko wa hewa.

Mfuko huo hufanya kazi gani? Motokaa ikigonga kitu kwa nguvu, mfuko hujaa na kufunguka upesi kuliko kufumba na kufumbua, ili kichwa na kifua cha mtu visipige usukani. Umeokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini mifuko ya kampuni moja ya Japani, iitwayo Takata, iligeuka kuwa hatari, na habari hii yatuhusu sisi pia.

Kinachojaza mfuko ni vidonge vilivyomo katika kikopo cha chuma. Vikiwashwa hutoa gesi. Takata walitumia amoniamu naitreti, kitu ambacho wakulima hukitumia pia kama mbolea. Mbolea ya namna hiyo hunywa unyevu, kama ajuavyo kila mtu aliyeacha gunia wazi wakati wa masika. Basi vile vidonge navyo, vikikaa miaka mingi penye joto na unyevu, huharibika. Kiberiti kikilowa hakiwaki tena, lakini kwa vidonge hivi mambo ni kinyume: huwaka kwa kasi kupita kiasi, kikopo hupasuka, na vipande vya chuma humrukia yule yule aliyepaswa kulindwa. Huko Orlando, Marekani, mwaka 2014, polisi waliyaona majeraha ya dereva mmoja wakadhani amechomwa kisu.

Marekani peke yake wamekufa watu zaidi ya 20. Ikawalazimu watengenezaji wa motokaa kutangaza wito, yaani kuwaita wenye motokaa wazirudishe ili wabadilishiwe kikopo bila malipo. Honda walianza mwaka 2008. Mwezi wa Mei 2015 Toyota waliita motokaa karibu milioni 5 duniani, zikiwamo Corolla na Vitz, zilizotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2007. Mwaka 2017 Takata walikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, kwa kuwa habari za majaribio yao zilikuwa zimebadilishwa. Na mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Vikopo vilivyoitwa dunia nzima ni karibu milioni 100.

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa. Barua ya wito huandikiwa mtu ambaye kampuni inamjua, yaani mwenye motokaa wa kule Japani. Motokaa ikiuzwa na kupakiwa melini, barua haiifuati. Wewe uliyeinunua hapa huna habari, na aliyekuuzia pengine hana habari vilevile. Basi usingoje kuitwa. Uliza mwenyewe.

Utaulizaje? Kwanza, twaa kadi ya motokaa, nakili namba ya chasisi katika daftari, kisha uilinganishe na ile iliyogongwa katika bodi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, ipeleke namba hiyo kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza motokaa, kwa simu au kwa barua, na uulize: je, motokaa hii imeitwa kwa ajili ya mfuko wa hewa, na je, imekwisha kutengenezwa? Kampuni za Japani zina pia mahali katika intaneti pa kuandika namba hiyo na kupata jibu. Kijana wako mwenye simu atakusaidia. Tatu, ukijibiwa kwamba kikopo hakijabadilishwa, mtu asikae mbele upande wa abiria ikiwa mfuko wa upande huo ndio wenye kasoro. Ikiwa ni ule wa usukani, motokaa isitembee pasipo haja kubwa mpaka itengenezwe.

Wakala akikataa kwa sababu ulinunua motokaa iliyokwisha kutumika, mwombe akujibu kwa maandishi. Kisha peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi yake moja ni kumlinda mlaji. Andika aina ya motokaa, mwaka, namba ya chasisi na jibu ulilopewa, na nakala moja ibaki kwako. Msidharau malalamiko ya namna hiyo. Kule Marekani, serikali hupokea malalamiko ya wenye motokaa mmoja mmoja na kuyaweka pamoja, na hivyo kasoro ya mtu mmoja huonekana kuwa kasoro ya maelfu.

Angalieni pia taa ndogo ya SRS mbele ya dereva. Ufunguo ukifunguliwa, yapaswa kuwaka kidogo na kuzimika. Isipozimika, pana kasoro. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa ili kumficha mnunuzi. Lakini taa ikiwa nzuri, msidhani mmepona: haiwezi kuonyesha vidonge vilivyoharibika. Wala msimruhusu fundi wa kubahatisha kuufungua mfuko, wala kuweka mwingine uliotoka katika motokaa mbovu.

Labda utasema: Mimi sina motokaa, yanihusu nini? Yakuhusu, ndugu. Siku ya kumpeleka mgonjwa Maweni utapanda ya mwenzako. Funga mkanda. Usimpakate mtoto kiti cha mbele kamwe, maana hata mfuko ulio mzima waweza kumwua. Mtoto na akae nyuma. Kisha muulize mwenye motokaa, kwa adabu, kama namba yake ameipeleka.