Kima wa Isecheno na njaa ya ubongo

Upande wa Isecheno, ndani ya msitu wa Kakamega nchini Kenya, kima wamekuwa wakifuatwa na watafiti tangu 1979, Marina Cords alipoanza kazi yake huko. Maressa Takahashi na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 2019, waliwafuata majike wakiandika kila tunda, jani changa na mdudu aliyetiwa kinywani, kisha wakapima virutubishi vyake. Kima hao hawachagui sana chakula, lakini mwili wao unachagua: chakula kinapobana, wao hushikilia kiasi chao cha protini, huku sukari na mafuta vikipanda na kushuka.

Hilo linatuhusu sisi tulio nje ya msitu. David Raubenheimer, aliyeshiriki utafiti huo, na mwenzake Stephen Simpson wanaamini kwamba hata mwili wa binadamu huendelea kudai chakula mpaka upate protini yake. Mtu akishinda kwa chai ya sukari, mandazi na soda, itabidi ale kupita kiasi ndipo dai hilo litulie. Ziada hugeuka mafuta, mengine yakikaa tumboni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 27 ya Wakenya watu wazima wana uzito uliozidi. Kwa wanawake, asilimia 38.5.

Je, tumbo linahusianaje na kusahau? Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu zake, nyingi zikitoka kwenye glukosi. Mafuta ya tumboni humwaga kwenye damu kemikali zinazofanya seli zisiitikie insulini. Kongosho nalo huongeza insulini zaidi na zaidi. Hapo ndipo kuna jambo ambalo mimi naliona zito: kimeng'enya kinachovunja insulini ndicho pia kinachovunja amiloidi, uchafu wa protini unaorundikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Insulini ikijaa, huenda kimeng'enya hicho kikashughulika nayo na kuacha amiloidi ikae. Picha za ubongo huonyesha sehemu za kumbukumbu zikitumia glukosi kidogo miaka kadhaa kabla mtu hajaanza kupotea njia ya nyumbani kwake.

Afrika yenyewe ina ushahidi. Mwaka 2001, watafiti waliowafuatilia wazee wa Ibadan, Nigeria, na wazee Wamarekani Weusi wa Indianapolis walikuta Alzheimer ikiwapata wazee wa Ibadan kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya Indianapolis. Chakula, uzito na shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu zinazoshukiwa. Nasema zinashukiwa, kwa kuwa tiba haijafuata: Novemba 2025, majaribio makubwa ya semaglutaidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza unene, yalishindwa kupunguza kasi ya Alzheimer kwa watu waliokwisha kuanza kuugua.

Kwa hiyo umri ni muhimu. Unene unaohusishwa na ugonjwa huu ni ule wa miaka ya kati, wakati mtu bado analima, anafunza au anaendesha boda. Huyo ndiye anayefaidika leo na ugali wa kiasi, kunde, mrenda na omena, vyakula ambavyo Waluhya wa Kakamega hawahitaji kufundishwa kupika, pamoja na kupimwa sukari na shinikizo la damu.

Kwa mzee mambo hugeuka. Wagonjwa wengi hukonda hata kabla ugonjwa haujatambuliwa, na kumnyima chakula nyanya wa miaka 75 ili apungue ni kumdhuru. Nguo zake zikianza kumpwaya huku akiuliza swali lile lile mara kwa mara, msiseme ni uzee tu. Mpelekeni kituo cha afya apimwe uzito, sukari na shinikizo la damu, na mweleze mhudumu lini kusahau kulianza.