Kazi Mtaani: Ujira wa Jasho Wakati wa Maradhi

Mfugaji wa Bura, katika Kaunti ya Garissa, ajua vema ya kuwa mbuzi asiyefika sokoni hamletei mwenye mali unga. Mwezi wa Aprili, 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, watu walikatazwa kuingia Nairobi wala kutoka, na vibarua wengi nchini wakakosa kazi.

Mwezi huo huo Serikali ya Kenya ilianzisha Kazi Mtaani katika kaunti 8, Mandera ikiwa mojawapo. Julai mpango huo ulienezwa katika kaunti zote 47, Garissa nayo ikiwamo. Vijana walizibua mitaro, wakazoa taka na kufyeka vichaka. Walifanya kazi kwa zamu, siku 11 kwa mwezi, kwa ujira wa shilingi 455 kwa siku. Yaani shilingi 5,005.

Fedha hizo hazikuwa utajiri, wala hazikuwa sadaka. Lakini kazi ya muda ina mwisho wake, na mtaro uliozibuliwa hujaa tena. Aliyeweka akiba kidogo, akanunua hata kuku wawili, ndiye ambaye kazi ilipokwisha hakubaki mikono mitupu.