Kosa la Karani, Jibu la Mwenyekiti



Huenda wewe ni mwenyekiti wa chama cha ushirika hapa Kibiti, au mkuu wa kikundi cha wavuvi huko delta. Wapo watu wanaofanya kazi chini yako. Mmoja wao akikosa, nani ajibu?

Tutazame jambo lililotokea kweli. Kwa jirani zetu wa Mkuranga kuna kijiji kiitwacho Kivure. Hapo ndipo alipozaliwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, mwaka 1925. Alipelekwa Unguja angali mtoto, akasoma, akawa mwalimu. Katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Polisi walikuwa chini yake.

Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, polisi na watu wa usalama waliwakamata watu wengi walioshukiwa mauaji. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, wakafa.

Waziri hakumpiga mtu. Angeweza kusema, "Waulizeni polisi wa huko." Wengi wetu tungesema hivyo. Yeye alimwandikia Rais Nyerere barua ya kujiuzulu, na mwaka 1977 akaacha kazi. Kujiuzulu ni kuacha cheo kwa hiari yako. Wizara ilikuwa yake, basi na aibu ya wizara aliibeba. Lakini kubeba aibu si kuwaficha wakosaji. Baadhi ya maofisa waliohusika walishtakiwa mahakamani.

Baadaye Mzee Mwinyi alikuwa Balozi Misri, na tangu 1985 hadi 1995 alikuwa Rais wa nchi. Alifariki Februari 29, 2024. Usidhani, hata hivyo, kwamba cheo hurudi kila mara. Siku alipoandika barua ile hakujua kama kitarudi.

Sasa tuje ghalani kwetu. Ni msimu wa korosho. Mkulima amevuka maji kwa mashua na gunia lake la kilo 80. Karani ameandika kilo 76. Karani huyo ni mpwa wako, na mama yake ni dada yako. Hapo ndipo moyo hutetemeka. Kilo 4 zaonekana kidogo, lakini wakulima 50 wakipunjwa hivyo ni kilo 200.

Usimwite karani pembeni mkanong'ona. Pima gunia tena mbele ya watu. Tazama kama mizani imekaguliwa na Wakala wa Vipimo. Sahihisha daftari na stakabadhi, uweke sahihi yako. Mwambie mkulima, "Chama kimekupunja." Sema chama, maana chama ni wewe pia. Habari za karani zipelekwe kwenye kamati siku hiyo hiyo, nawe usikae kwenye kiti wakati mpwa wako anapojadiliwa.

Kisha fungua kurasa za jana na juzi. Waite wote waliopimiwa na karani yule. Anza na wa visiwani, kabla mashua haijaondoka.