Mcheza Kwao Hutunzwa: Heshima kwa Watumishi wa Mieleka ya Ridhaa

Neno mieleka, ambalo umoja wake, mwereka, ni anguko la mtu aliyebwagwa chini, siku hizi huwakumbusha Waswahili wengi maonyesho ya televisheni kutoka Marekani, ambamo majitu yenye misuli hupambana kwa mpango uliokubaliwa mapema na mshindi hupangwa kabla kengele haijalia. Mieleka ya ridhaa ni jambo tofauti kabisa. Ni mchezo wa Olimpiki ambao watu wawili wa uzani unaokaribiana hushikana juu ya mkeka mnene, kila mmoja akitafuta kumwangusha mwenzake, kumgeuza chali na hatimaye kuyabana mabega yake yote mawili chini, tendo ambalo humaliza pambano papo hapo hata kama aliyebanwa alikuwa akiongoza kwa pointi. Katika mtindo huru mchezaji anaruhusiwa kukamata miguu na kupiga ngwala, ilhali katika mtindo wa Kigiriki na Kirumi ni mwiko kushika chini ya kiuno au kutumia miguu kumwangushia mwenzake. Marekani, shule na vyuo vina mtindo wao wa tatu, unaothamini zaidi uwezo wa kumtawala mpinzani chini kwa muda mrefu.

Ridhaa ni kukubali kwa hiari, na mchezo unaoitwa wa ridhaa ni ule ambao kimsingi mtu huuingia kwa mapenzi, si kwa mshahara. Fasili hiyo kwa kawaida huelezwa kwa kumtazama mchezaji, lakini inamhusu vilevile kocha anayefungua chumba cha mazoezi alfajiri, mwamuzi anayesafiri mwisho wa juma, mpimaji wa uzani, mtunza saa na mzazi anayefua nguo za mazoezi. Watu hawa nao wameridhia. Kwa kuwa wengi wao hawapati ujira unaolingana na kazi yao, au hawapati kabisa, heshima inakuwa ndiyo malipo pekee ambayo mchezo unaweza kuwapa, na namna heshima hiyo inavyogawanywa huonyesha kama mchezo wenyewe una haki.

Kiswahili kina msamiati wa zamani kwa jambo hili. Katika ngoma na taarabu, kumtunza mchezaji au mwimbaji ni kumpa zawadi mbele ya watu wakati anapoonyesha ufundi wake, na methali isemayo mcheza kwao hutunzwa inafundisha kwamba zawadi hiyo hutoka kwanza kwa watu wanaomfahamu. Mambo mawili yamo katika desturi hiyo: zawadi hutolewa hadharani, na mtoaji anajua anachokitunza. Mambo hayohayo mawili yanafaa kuwa kipimo cha taasisi yoyote inayodai kuwaenzi watumishi wa michezo.

Kuenzi wanamieleka ni jambo la kale. Mieleka iliingia katika michezo ya Olympia ya Wagiriki mwaka 708 kabla ya Kristo, na mabingwa wake, akiwamo Milo wa mji wa Croton aliyeshinda huko mara sita, majina yao yangali yanatajwa hadi leo. Jambo ambalo halikumbukwi sana ni kwamba Wagiriki hawakumsahau mwalimu. Mshairi Pindar, alipotunga utenzi wa kumsifu kijana Alcimedon wa kisiwa cha Aegina kwa ushindi wake wa mieleka mwaka 460 kabla ya Kristo, alitenga sehemu ya kumsifu Melesias, mwalimu wa kijana huyo, na kuueleza ushindi ule kuwa wa thelathini kwa wanafunzi wake. Huenda hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu za kale zaidi za mtu aliyepewa heshima kwa ushindi uliopatikana kwa mikono ya wengine.

Kinyume cha kumbukumbu hiyo kinaonekana katika sanamu maarufu ya marumaru iliyomo katika jumba la Uffizi mjini Florence, Italia, ambayo ilifukuliwa Roma mwaka 1583 na inaonyesha wanamieleka wawili waliosokotana, mmoja akiwa juu ameukunja mkono wa mwenzake. Kila msuli umechongwa kwa uangalifu mkubwa, lakini hakuna ajuaye wachezaji wale walikuwa akina nani, wala jina la mchongaji. Umbo limebaki na jina limepotea. Mfano wa sanamu hiyo, uliochongwa kwa marumaru ya kijani, umewekwa katika jengo la Jumba la Kitaifa la Heshima la Mieleka katika mji wa Stillwater, jimbo la Oklahoma, Marekani, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1976 ili majina ya watu wa mchezo huo yasipotee.

Mahali penyewe pana sababu yake. Stillwater ni mji wa chuo kikuu cha jimbo la Oklahoma, ambacho zamani kiliitwa Oklahoma A&M, na huko ndiko alikofundisha Ed Gallagher kuanzia mwaka 1916 hadi kifo chake mwaka 1940. Gallagher alisomea uhandisi wa umeme na alijulikana zaidi kwa mbio na kandanda ya Kimarekani kuliko kwa mieleka, lakini aliutazama mwili wa binadamu kama mhandisi atazamavyo mtambo, akichunguza wenzo, uzito na mahali pa kuegemea, kisha akageuza uchunguzi huo kuwa mafunzo ya mishiko mingi iliyopangwa kwa utaratibu. Timu zake zilishinda mapambano 138, zikashindwa 5 na kutoka sare 4, na katika mashindano 13 ya kwanza ya kitaifa ya vyuo, yaliyoanza mwaka 1928, zilitwaa ubingwa mara 11. Ukumbi wa michezo wa chuo ulipewa jina lake angali hai, na hilo nalo ni somo, kwa kuwa sifa nyingi humfikia mwenyewe akiwa kaburini.

Heshima ya juu kabisa ya Jumba hilo ni kuingizwa katika daraja la wanachama mashuhuri, ambalo lina mabingwa kama Dan Gable, aliyeshinda medali ya dhahabu mjini Munich mwaka 1972 bila mpinzani yeyote kupata hata pointi moja dhidi yake, kisha akakiongoza chuo kikuu cha Iowa kutwaa ubingwa wa kitaifa mara 15. Hata hivyo thamani kubwa zaidi ya Jumba inaonekana katika madaraja mengine, kwa sababu yanahusu watu ambao hadhira haiwatazami. Ipo tuzo ya utumishi wa maisha, wapo waamuzi wanaotunukiwa kwa uadilifu, ipo nishani ya ujasiri, na ipo tuzo ya Wamarekani waliopata mafanikio makubwa nje ya mchezo baada ya kulelewa nao, ambayo Rais Abraham Lincoln, mpiga mieleka wa kijijini katika ujana wake, ni miongoni mwa waliopewa. Tuzo ya utumishi wa maisha hutolewa zaidi kupitia matawi ya majimbo, mahali ambapo kocha wa shule na mwandalizi wa mashindano wanafahamika kwa sura na kwa matendo. Hapo ndipo mcheza kwao anapotunzwa kwa maana kamili ya methali.

Ugumu wa kazi ya mwamuzi unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio unaoonyesha kwa nini tuzo yake si ya kufariji tu. Pambano la kimataifa husimamiwa na watu watatu: mwamuzi aliye juu ya mkeka, mwenye mkono mmoja wa rangi nyekundu na mwingine wa buluu ili aonyeshe pointi ni za nani, pamoja na hakimu wa pembeni na mwenyekiti wa ulingo, na pointi huthibitika pale wawili kati yao wanapokubaliana. Katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho mwamuzi huamua kama mgongo ulielekea mkeka, kama mshiko uliwekwa kabla au baada ya kutoka nje ya duara, na kama kiungo kinapindwa kiasi cha kuvunjika. Akikosea, uwanja mzima humzomea. Akipatia, watu humsahau, na kusahauliwa huko ndiko ushahidi kwamba kazi imefanyika vizuri. Mtu anayetumika miongo kadhaa kwa namna hiyo hana medali ya kutundika ukutani, hivyo ni wajibu wa wengine kuandika jina lake.

Heshima pia hurekebisha dhuluma ya wakati. Tricia Saunders alikuwa Mmarekani wa kwanza mwanamke kuwa bingwa wa dunia, mwaka 1992, na akautwaa ubingwa huo mara nne kwa jumla, lakini mieleka ya wanawake iliingia katika Olimpiki mwaka 2004 mjini Athens, baada ya yeye kustaafu. Hakuwahi kupewa nafasi ya kugombea medali ambayo wanaume wa kizazi chake waliigombea. Mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika daraja la wanachama mashuhuri wa Jumba la Stillwater, na kwa njia hiyo mchezo ulikiri hadharani deni lake kwake. Vivyo hivyo nishani ya ujasiri ina watu kama Anthony Robles, aliyezaliwa bila mguu wa kulia na ambaye mwaka 2011 alimaliza msimu bila kushindwa na kuwa bingwa wa taifa wa vyuo katika uzani wa ratili 125, sawa na kilo 57 hivi. Robles hakuomba kupunguziwa masharti. Alijenga mtindo wa kupigana akiwa chini karibu na mkeka, mahali ambapo mguu mmoja haukuwa upungufu mkubwa na mikono yake yenye nguvu ilikuwa faida.

Upo utumishi mwingine ambao hauonekani kabisa, wa kutunga na kusimamia kanuni. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanafunzi watatu wa vyuo nchini Marekani walifariki wakijaribu kupunguza uzani kwa haraka kwa kujikausha maji mwilini ili waingie katika daraja la chini. Baada ya misiba hiyo kanuni zilibadilishwa: mavazi ya mpira na vyumba vya mvuke kwa ajili ya kujikausha vilipigwa marufuku, na upimaji wa uzani ukasogezwa karibu na saa ya pambano, ili kujikausha kusiwe na faida, kwa kuwa mchezaji hangepata muda wa kurudisha maji na nguvu alizopoteza. Kijana aliyeokolewa na kanuni hiyo hawezi kujua kwamba aliokolewa. Mwaka 2013, kamati kuu ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipopendekeza mieleka iondolewe katika orodha ya michezo ya kudumu, viongozi, makocha na wachezaji wa zamani wa nchi nyingi walifanya kampeni ya miezi saba, wakarahisisha kanuni na kuongeza nafasi za wanawake, hadi tarehe 8 Septemba mjini Buenos Aires mchezo uliporudishwa kwa kura 49. Kazi hiyo ilifanyika kwa mikutano, barua na ushawishi, wala hakuna aliyemwangusha mtu.

Kuheshimu kuna hatari zake, na taasisi inayoheshimu bila kuchunguza huwaumiza watu. Dennis Hastert, aliyekuwa kocha wa mieleka wa shule moja katika jimbo la Illinois kabla ya kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, alikuwa ametunukiwa na Jumba la Stillwater. Mwaka 2016, alipokiri mahakamani kwamba aliwatendea vibaya baadhi ya vijana aliowafundisha, katika kesi iliyofichua udhalilishaji wa kijinsia, Jumba lilimvua heshima zote. Hatua hiyo haikuweza kufuta madhara, lakini ililinda maana ya majina yaliyobaki. Kocha wa mieleka hukabidhiwa miili ya watoto wa watu, huwashika na kuwafundisha kushikana, na kwa hiyo uaminifu wake ni sharti la kwanza, linalotangulia vikombe vyote. Heshima isiyoweza kuondolewa haina uzito hata kwa wale wanaoistahili.

Katika mchezo huu ipo desturi moja ya kuaga ambayo haihitaji maneno. Mwanamieleka anayestaafu huvua viatu vyake baada ya pambano la mwisho na kuviacha katikati ya mkeka. Rulon Gardner wa Marekani alifanya hivyo mjini Athens mwaka 2004, na Mijaín López wa Cuba akafanya hivyo mjini Paris mwaka 2024, alipokuwa mtu wa kwanza kushinda dhahabu tano mfululizo za Olimpiki katika shindano lilelile la mtu mmoja. Uwanja wote husimama, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba safari imekwisha.

Kocha wa shule ya kijijini hana viatu vya kuacha katikati ya mkeka, wala mwamuzi, wala mpimaji wa uzani. Siku yao ya mwisho hupita kama siku nyingine: mkeka hufutwa, hukunjwa, taa huzimwa, nao hurudi nyumbani bila mtu kutambua kwamba hawatakuja tena. Jina linaloandikwa ukutani, likisomwa kwa sauti mbele ya vijana waliowalea, huwafanyia kile ambacho viatu humfanyia bingwa, nalo linafaa kuandikwa wangali wanasikia.