Ziwa li Karibu, Mapumziko Yasiwe Msiba

Askari polisi aliyekesha lindoni hurejea Mutakura alfajiri akiwa na haja moja tu, nayo ni kitanda. Lakini ikiwa ni Jumapili, watoto wamekwisha kuamka, nao wana haja yao. Jumamosi asubuhi ilikwenda na kazi za jamii, siku nyingine zilikwenda na shule. Imebaki siku hii moja. Mama watoto humwambia kwa upole, "Baba watoto, lala hadi saa nne. Chakula nitakifunga, kisha twende ziwani."

Aghalabu safari hiyo huahirishwa. Mutakura, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, hauko mbali na Ziwa Tanganyika; kinachozuia ni dhana kwamba ziwa ni la wenye magari na wenye kuagiza vinywaji hotelini. Dhana hiyo ni potofu. Ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, ambalo duniani kote hushindwa kwa kina na Baikal peke yake, haliwezi kuwa mali ya meza chache za hoteli.

Hata hivyo, mwenye kwenda na ajue kwamba ufuko alioucheza utotoni huenda haupo tena pale alipouacha. Maji ya Tanganyika yana mto mmoja tu wa kutokea, nao ni Lukuga, huko Kalemie nchini Kongo. Mvua zikizidi katika bonde lote, yaingiayo huwa mengi kuliko yatokayo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020 na miaka iliyofuata, na tena mwaka 2024: ziwa lilipanda, Gatumba ikafurika kwa maji ya ziwa na ya Mto Rusizi, watu wakahama makwao, na kuta na miti ya ufukweni ikazama. Huko Marekani, wapenda matembezi waendao Ziwa Mead, lililoumbwa jangwani kwa kuuziba Mto Colorado, waliona kinyume chake. Mwaka 2022 maji yake yalishuka kupita wakati wowote tangu lilipojazwa katika miaka ya 1930, ikawabidi wayafuate. Bujumbura maji ndiyo yaliyowafuata watu.

Kwa sababu hiyo mtoto asiruke kichwa mbele mahali ambapo mtu mzima hajapakanyaga kwanza kwa miguu yake. Chini ya maji yaliyotulia huweza kuwapo kisiki, au ukuta uliobomoka wenye nondo. Tena kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini huvuma na kuinua mawimbi makubwa upande huu wa ziwa. Siku kama hizo watoto wachezee mchangani. Mahali penye majani na maji yasiyokwenda pana hatari ya kichocho.

Kuhusu wanyama, watu wa Bujumbura wamesimulia mengi juu ya Gustave, mamba wa Rusizi aliyedhaniwa kuzidi mita 6. Hakuna aliyewahi kumpima, na jaribio la kumnasa halikufaulu. Lakini mamba wa kawaida, asiye na jina wala sifa, anatosha kuleta msiba. Asioge mtu karibu na mlango wa mto wowote. Kiboko naye huonekana mzembe kumbe ana mbio; asisimame mtu kati yake na maji.

Atakaye kumwona kwa usalama na aende Hifadhi ya Rusizi, akalipe ada langoni na kufuatana na mwongozaji. Bonde la Imbo ni kavu kuliko sehemu nyingine za Burundi, na ndani ya hifadhi kuna mikoche mirefu, inayomfanya mgeni adhani yuko ukingoni mwa jangwa. Kwa kuwa barabara ya Gatumba yaelekea mpakani, ni vema kuuliza hali ya njia kabla ya kutoka.

Wenye kupata gari la kuazima wanaweza kushika barabara ya kusini, ziwa likiwa kulia na vilima kushoto. Baada ya mvua, hewa ikisafika, milima ya Kongo huonekana ng'ambo waziwazi. Yapata kilomita 12 tu kutoka mjini, Mugere, kuna jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871. Wawili hao walikuwa wamekutana Ujiji, wakapanda kaskazini kwa mtumbwi kuutazama Rusizi. Wakaukuta unaingia ziwani, wala hautoki. Basi Tanganyika halikuwa chanzo cha Nile. Jambo hilo wavuvi wa pwani hiyo wangaliweza kuwaambia bila malipo. Mbele zaidi ni Rumonge, mji wa mawese na samaki. Ila uhaba wa petroli umewatesa wengi miaka ya karibuni. Asiye na mafuta ya kurudia na aishie Mugere. Magenge ya Nyakazu, huko Rutana, ni safari ya likizo ndefu.

Kwa chakula, mama mwenye busara hafungi mchuzi, kwani joto la Imbo huuchachusha upesi. Hufunga viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, na ndagala waliokaangwa hadi wakakauka. Maji ya kunywa yachemshwe tangu usiku, kwa kuwa kipindupindu huzuka mara kwa mara katika bonde hili. Ya ziwa, hata yakiwa maangavu kama kioo, yasinywewe.

Ifikapo saa kumi na moja jioni vyombo vikusanywe na watoto wahesabiwe. Jua hutua yapata saa kumi na mbili, na hapo kiboko hutoka majini kwenda kula majani. Kufikia wakati huo jamaa wa Mutakura wawe wamekwisha panda basi, mdogo kuliko wote amelala begani kwa baba, na mama akikumbuka kwamba sare ya zamu ya kesho bado haijapigwa pasi.